Mbegu Inayosubiri na Mbegu Isiyosubiri: Daftari la Safari kutoka Ndama hadi Gazi

Ndama, Karagwe

Ukishuka kutoka Kayanga kuelekea mabonde ya Ndama, ardhi imejipanga kwa ngazi. Juu ni rweya, nyasi fupi na mawe. Chini yake vibanja: migomba, mibuni, maharage katikati. Chini kabisa ni bonde lenyewe, penye mafunjo na udongo mweusi. Kati ya kibanja cha mwisho na funjo la kwanza kuna ukanda mwembamba ambao masika mguu unazama na kiangazi udongo unapasuka. Migomba haiupendi kwa sababu mizizi yake huoza, na mafunjo hayafiki kwa sababu maji hayakai. Ndiyo nyumba ya sesbania.

Wataalamu wa mimea huiita Sesbania sesban. Waganda wanaiita muzimbandegeya, Wajaluo asao, na kwenye vitalu vya Mkoa wa Kagera, Tanzania, utaisikia ikiitwa sesbania. Ni kichaka cha Afrika, hakikuletwa na meli. Kinafika mita 4 hadi 8, majani yake ni vijani vidogo vilivyopangika jozi kwa jozi, maua ni ya njano yenye madoa ya zambarau. Ganda lake ni refu, sentimeta 20 na zaidi, na jembamba kiasi kwamba unaweza kuhesabu mbegu kwa kulipapasa kwa nje.

Nimekuja na swali moja, nalo nitalibeba hadi pwani: mmea wa majimaji unaoteshwaje kwa mbegu na mtu anayekaa nchi kavu? Kitalu kiko juu, karibu na nyumba, ambako kuna kivuli na mtu wa kumwagilia. Mmea kwao ni chini. Mwenye kitalu anamtoa mtoto kwao, anamlea ugenini, kisha anamrudisha.

Mama mmoja mwenye kitalu pembeni ya barabara alikubali nikae naye asubuhi nzima. Nilimwamkia, akanipa kigoda, akanipa na ungo wa mbegu nichambue. Huyavuna maganda yakiwa yamegeuka rangi ya majani makavu lakini hayajapasuka. Ukingoja siku chache zaidi, jua linayapasua na mbegu zinatawanyika zote. Huanikwa juu ya mkeka, hupigwa kwa fimbo, hupepetwa. Kilichobaki ni mbegu ndogo za kahawia yenye kijivu, kilo moja ikiwa na zaidi ya 50,000. Zenye tundu la fukusi hutupwa, na zilizobaki huchanganywa na majivu na kuhifadhiwa.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye ganda gumu la mbegu. Ukizipanda kavu, chache zitaota wiki hiyo, nyingine mwezi ujao, nyingine mwakani. Mama aliinjika sufuria.

"Usichemshe mbegu, mwanangu. Maji yachemke, uyaepue, yatulie kidogo, ndipo uyamimine. Ukiziweka motoni umepika maharage."

Zikalala humo usiku kucha. Asubuhi ya pili zilizokunywa maji zilikuwa zimevimba, na ngozi imelainika. Zilizobaki ndogo na ngumu alizitenga, azirudishie maji ya moto. Zile zilizovimba alizisia kwenye viriba, mbilimbili, akazifunika kwa udongo kiasi kisichozidi sentimeta 1. Ndani ya wiki moja mche huwa umetoa kichwa.

Udongo wa viriba alikuwa ameuchanganya na samadi, kisha akaongeza konzi chache za udongo alioutoa chini ya sesbania kongwe ya bondeni. Nilimuuliza kwa nini. Akang'oa mche wa wiki kadhaa, akauosha mizizi, akanionyesha vinundu vidogo vilivyong'ang'ania pembeni mwa mzizi. Alikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Hiki kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, kimelala."

Wekundu huo unatokana na kemikali inayofanana na ile ya damu yetu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni ndani ya kinundu ili bakteria waweze kukamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Bakteria hao wanaishi kwenye udongo wa bondeni. Mche uliooteshwa kwenye udongo usio nao unakua wa njano na dhaifu, na hapo watu husema mbegu ilikuwa mbaya. Ninaandika hili kwa wino mzito: anayechukua mbegu bondeni achukue na udongo wake.

Murongo, Kyerwa

Barabara inakwenda kaskazini, inaingia Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huku ndiko ziliko chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo mvumbuzi Stanley alizitembelea mwaka 1876. Mbele zaidi ni Murongo, na ng'ambo ya Mto Kagera ni Kikagati ya Uganda. Mto huu unakusanya maji ya Rwanda na Burundi, unakuwa mpaka wetu, kisha unamwaga katika Ziwa Viktoria.

Nilishuka ukingoni kutafuta sesbania ambayo hakuna aliyeiotesha. Hapa nililitazama shina kwa karibu. Mahali maji yalipofika wakati wa mafuriko, shina limevimba na gome lake limekuwa laini, ukilibonyeza linarudi. Ndani kuna tishu yenye matundu ya hewa, inayopeleka pumzi chini kwenye mizizi iliyozama. Juu kidogo ya alama ya maji, mizizi midogo mipya imechomoza kwenye shina na kuning'inia. Mti wa nchi kavu ukifurikiwa hukosa hewa na kufa. Huu hujitengenezea njia nyingine ya kupumua.

Na hapa ndipo ugumu wa mbegu unaeleweka. Mto wa namna hii unapanda na kushuka kwa misimu: mvua za vuli kuanzia Septemba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na kati yake kiangazi. Mbegu iliyodondoka Juni kwenye tope linalokauka ikiota mara moja, mche wake utakufa Julai. Iliyo na ganda gumu inalala ardhini, inapigwa jua, inalowa, inakauka tena, mpaka ganda lichakae na maji yawepo ya kutosha. Na kwa kuwa haziamki zote kwa pamoja, mwaka mmoja mbaya haumalizi kizazi chote. Sufuria ya maji ya moto kule Ndama inafanya kwa usiku mmoja kazi ambayo mto huifanya kwa misimu.

Kabale, Uganda

Nilitegemea mmea wa bondeni niupate bondeni. Kabale imenifundisha vingine. Milima hii ina matuta yaliyosisitizwa na serikali ya kikoloni tangu miaka ya 1940, na kila tuta lina tatizo lilelile: udongo mzuri unahama kutoka sehemu ya juu ya tuta na kujikusanya chini. Mkulima akipanda maharage, nusu ya chini inashiba, nusu ya juu inakonda. Watafiti wa kilimo mseto waliofanya kazi hapa walijaribu kupanda sesbania kwenye ile nusu ya juu iliyochoka, ikae misimu kadhaa, kisha ikatwe na shamba lirudiwe.

Mkulima niliyezungumza naye hakuanza kwa habari ya rutuba. Alianza na kuni, akafuatia nguzo za maharage ya kutambaa, kisha majani ya mbuzi. Majani hayo yana protini zaidi ya asilimia 20, na mbuzi huyala vizuri. Kuku hawafai kupewa, kwa kuwa mmea huu una sumu inayowadhuru, hasa vifaranga. Rutuba aliitaja mwisho, akisema inakuja yenyewe kwa majani yanayodondoka.

Kinacholinganishwa hapa na Ndama ni maji ya kulea. Juu mlimani mche hauna unyevu wa chini wa kuufikia, kwa hiyo wakulima wanauchelewesha kitaluni mpaka ufike kama sentimeta 30 na wanausubirisha mvua ikolee. Kule Ndama, ukingoni mwa bonde, mche mdogo zaidi unaweza kushika kwa sababu unyevu uko jirani. Mmea ni uleule na mbegu ni ileile, ila tarehe ya kuutoa kitaluni inaamuliwa na maji ya mahali unapokwenda. Nimeona vitalu vingi vya miradi vikigawa miche tarehe moja kwa kila mtu, wa mlimani na wa bondeni. Mingi ya miche hiyo hufa bila kosa la mkulima.

Maseno, Kenya

Hapa sesbania ina historia ndefu na mahindi. Wakulima wa Kijaluo na Kiluhya wamekuwa wakiiacha asao iliyojiotea shambani, wanapalilia wakiizunguka. Kituo cha utafiti wa kilimo mseto kilichoanza Maseno mwaka 1988 kilikuta desturi hiyo ipo tayari na kikaipima. Kusini zaidi, Chipata nchini Zambia, majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1980 yalionyesha kwamba shamba lililopumzishwa kwa sesbania miaka 2 liliweza kutoa zaidi ya tani 5 za mahindi kwa hekta bila mbolea ya dukani.

Kuna pia faida nyingine. Kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya mahindi na mtama, huota pale tu linaponusa mzizi ulio karibu. Mizizi ya sesbania hutoa harufu inayoliamsha, lakini gugu haliwezi kushika mzizi wake, hivyo linaota na kufa njaa. Hiyo nayo ni mbegu inayosubiri, na sesbania inaidanganya iamke kabla ya wakati.

Lakini Maseno hawafichi upande wa pili. Sesbania inawalea minyoo fundo, wale wadudu wasioonekana wa kwenye udongo wanaoharibu mizizi. Ukitoka sesbania ukapanda mahindi, huna shida. Ukipanda maharage au nyanya, unaweza kuvuna hasara. Kwa mtu wa Karagwe, ambaye maharage yamo kila pembe ya kibanja, jambo hili lina uzito kuliko sifa zote. Mzee mmoja alinionyesha namna ya kutofautisha: kinundu chema kimeshika upande wa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Cha minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, hakibanduki. Nilirudia kwenye mizizi kadhaa mpaka kidole changu kikajua.

Yupo pia mbawakawa mdogo anayekula majani mpaka mche ubaki vijiti. Hupenda zaidi miche michanga. Walioipanda ikiwa imechanganyika na mimea mingine wanasema hupata nafuu.

Ninahitimisha ukurasa wa Maseno hivi: sesbania ikiingizwa katikati ya shamba huleta neema na deni pamoja. Ikibaki ukingoni mwa maji, kwao, deni hilo halimfikii mwenye maharage.

Gazi, pwani ya Kenya

Kutoka Maseno hadi Gazi, kusini mwa Mombasa, nimekuja kuona mmea mwingine wa majimaji ukioteshwa, ili nilinganishe. Kwenye ghuba hii vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 wa kulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha zimekwenda kwenye maji ya kunywa na shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta.

Mkoko hauna ganda gumu la kusubiri. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mama yake. Kinachoning'inia tawini, chenye urefu wa sentimeta 30 na zaidi, si tunda tena, ni mche. Wanaokusanya huangalia shingo: ikigeuka njano, umekomaa. Huchomekwa moja kwa moja kwenye tope maji yakipwa. Hakuna sufuria, hakuna ungo, hakuna majivu ya kuhifadhia. Ukiuweka ghalani unakauka.

Sababu ni maji. Kagera hupanda na kushuka kwa misimu, bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mbegu ya mkoko haina kiangazi cha kukwepa, ina mawimbi ya kukwepa, na silaha yake ni kudondoka ikiwa tayari na mwili wa kujishika. Ndugu zake wanatofautiana kulingana na mahali wanapokaa kwenye tope. Mchu hudondosha mche mdogo, na ganda lake jembamba hubanduka majini. Mlilana, unaokaa mbele kabisa kuelekea bahari kuu, una tunda lenye mbegu nyingi ndogondogo, na akina mama wa kitalu wanasema ndio unaowasumbua kuliko yote. Anayeotesha mikoko bila kujua kila aina hukaa umbali gani kutoka baharini anajaza tope kwa vijiti.

Karagwe nayo imewahi kuuza hewa ukaa. Emiti Nibwo Bulora, mradi wa wakulima wa Karagwe ulioendeshwa na shirika la Vi, ulifuata utaratibu uleule wa kuthibitisha hewa ukaa, Plan Vivo, unaofuatwa na Gazi. Ila tofauti ni kubwa. Mkoko huhifadhi hewa ukaa kwenye shina na zaidi kwenye tope chini yake, kwa miaka mingi. Sesbania huishi miaka michache, mitano au zaidi kidogo, kisha inaoza. Kichaka cha namna hiyo hakiwezi kushindana kwenye soko hilo, na kwa hiyo kinasahaulika miradi inapochagua miti ya kupanda. Thamani yake inapaswa kupimwa kwa kitu kingine: kwa usafi wa maji ya kisima cha bondeni, kwa kuni ambazo mama hakuzifuata mbali, kwa nyuki walioko mauani.

Ulinganisho

Ninaweka kurasa pamoja, na jambo linalojitokeza ni moja. Kila mbegu ya majimaji imebeba ndani yake tabia ya maji ya kwao. Ugumu wa sesbania ni kiangazi cha Kagera. Haraka ya mkoko ni kupwa na kujaa kwa Gazi. Fundi wa kitalu kazi yake ni kusoma maji hayo na kuyaiga: maji ya moto kwa mmoja, tope la siku hiyohiyo kwa mwingine. Hata ndani ya bonde moja tabia hutofautiana. Mzambarau-ziwa, mti mkubwa wa kandokando ya mito yetu, mbegu yake hufa upesi ikikauka na lazima ipandwe ikiwa mbichi. Anayezichanganya hizo mbili kwenye mfuko mmoja atavuna moja.

Kwa hiyo ninayo ya kusema kwa watu wa Ndama na wa mabonde yote ya Karagwe na Kyerwa.

Ule ukanda kati ya kibanja na mafunjo uko hatarini. Mahali pengi umejazwa mikaratusi, kwa sababu inakua haraka na nguzo zinauzika. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na bonde lililozungukwa nao linakauka pembeni kabla ya katikati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa na vyanzo vingine vya aina hiyo. Mkulima mwenye ekari moja anaposikia mita 60 husikia kunyang'anywa. Akiambiwa kwamba mita hizo zinaweza kubeba kichaka cha kwao kinachompa kuni, lishe ya mbuzi na nguzo za maharage, huku kikishika udongo usiingie kisimani, mazungumzo yanabadilika. Ila apewe kibali cha wazi cha kukata matawi kwa utaratibu. Ulinzi usiompa mtu kitu hulindwa mchana tu.

Mbegu zitoke bonde lilelile. Zikusanywe Juni na Julai maganda yakikauka, kutoka vichaka vingi vilivyo mbalimbali na si kimoja kilicho karibu na njia, ili kizazi kijacho kisiwe cha mama mmoja. Zimwagiwe maji ya moto na kusiwa Julai mwishoni au Agosti mwanzoni, pamoja na konzi ya udongo wa chini ya mama zao. Miche ya bondeni itoke kitaluni mvua za vuli zikianza, ile ya mlimani isubiri zikolee. Kichaka kikatwe kwenye urefu wa nyonga, kwa kuwa kikikatwa karibu na ardhi hakichipui vizuri. Kisipandwe kwenye maharage. Na kwa kuwa maisha yake ni mafupi, kila mwaka kipandwe kidogo, na nyuma yake uwekwe mzambarau-ziwa, ambao utachukua nafasi wakati sesbania inachoka.

Hakuna katika hayo kinachohitaji fedha ya mfadhili. Yanahitaji ungo, sufuria, viriba na mtu anayelifahamu bonde lake. Mtu huyo Ndama yupo. Nimechambua mbegu kwenye ungo wake. Halmashauri ikitaka miche ya vyanzo vya maji, iache kuagiza kutoka mbali kwa zabuni, inunue kwake na kwa wenzake, kwa bei inayolipa asubuhi zao. Hapo bonde litapata ukingo wake, na ujuzi wa kuuotesha utabaki mikononi mwa wanaokunywa maji yake.